Isaya Mukirania: mwalimu aliyepanda Rwenzori na kukataa kushuka

Anayesimama katika soko la Mpondwe, karibu na mpaka wa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, na kuinua macho kuelekea kaskazini, huona vilima vya Bwera vikipandana kimoja nyuma ya kingine, vimevaa kahawa, migomba na mihogo, mpaka vinapomezwa na ukungu. Juu ya ukungu huo ipo theluji. Wakonzo huiita nzururu, na ni kutokana na neno hilo milima ikapata jina ambalo wageni walilitamka Rwenzori.

Huko juu, tarehe 30 Juni 1962, mwalimu wa shule ya msingi alitangaza kuzaliwa kwa taifa. Uganda yenyewe ilikuwa haijawa huru. Bendera ya Uingereza ingeteremshwa mjini Kampala zaidi kidogo ya siku 100 baadaye. Mwalimu huyo, Isaya Mukirania, hakuwa na jeshi la kutajika. Alikuwa na karatasi, mihuri, na wafuasi ambao wengi wao silaha yao ilikuwa mkuki.

Aliaga dunia miaka minne baadaye, akiwa bado mlimani. Alipewa nafasi zaidi ya moja ya kuteremka na kuzungumza, naye akazikataa. Huko Kasese jina lake hutajwa kwa cheo cha kifalme, Kibanzanga wa Kwanza, na hata wale wasioupenda ufalme wake hukubali kwamba bila yeye historia ya eneo hilo ingeandikwa na watu wengine. Lakini swali la kwa nini hakushuka, na nani alilipa gharama ya kutoshuka kwake, halijapoteza uzito tangu mwaka wa 1966.

Nchi isiyo na mfalme mmoja

Ili kumwelewa Isaya ni lazima kwanza kuielewa milima yenyewe. Rwenzori upande wa Uganda imekatwa na mito iendayo kasi: Mubuku, Nyamwamba, Nyamugasani, na Lhubiriha ambao unapita mpakani Bwera. Kati ya mto na mto upo mgongo wa mlima, na kila mgongo ulikuwa na watu wake, mashamba yake na mkuu wake, aliyejulikana kama isemalambo. Mkuu huyo aligawa ardhi, akaamua kesi na kusimamia sadaka kwa Kitasamba na Nyabibuya, roho walinzi wa milima. Utii wa mtu ulishuka pamoja na mteremko na kwa kawaida uliishia mtoni. Ng'ambo ya mto walikuwa ndugu, lakini ndugu wenye mkuu wao.

Watu wa namna hiyo ni vigumu kuwatawala, na ni rahisi pia kuwahesabu kama mali ya jirani aliye na mfalme. Ndivyo ilivyotokea. Mwaka wa 1891 Kapteni Frederick Lugard alimrejesha Kasagama katika kiti cha Toro, na mkataba wa mwaka 1900 kati ya Waingereza na Toro ukawaweka Wakonzo wa milimani na Waamba wa bonde la Semliki chini ya Omukama wa Toro. Miaka kumi baadaye wakoloni wakakubaliana juu ya mpaka kati ya Uganda na Congo ya Wabelgiji, na watu wa lugha moja wakajikuta raia wa dola mbili: Wakonzo upande huu, Wanande upande ule. Hadi leo mwanamke wa Bwera na mwanamke wa Kasindi hupatana bei ya maharage bila kuhitaji mkalimani.

Machifu walianza kuja kutoka Fort Portal. Pamoja nao zilikuja kodi na kazi za kulazimishwa, na pia dharau ya watu wa tambarare kwa watu wa mlimani. Kuanzia mwaka wa 1919 sehemu ya Wakonzo ilikataa. Upinzani huo uliongozwa na Nyamutswa, Tibamwenda na Kapoli, na ulimalizika mwaka wa 1921 kwa watatu hao kunyongwa mahali paitwapo Kagando, ambapo sasa hujulikana zaidi kwa hospitali yake. Habari zao hazikufundishwa darasani. Zilisimuliwa jikoni na kwenye vilabu vya pombe ya ndizi, kwa sauti ya chini, na watoto wa kizazi cha Isaya walikua wakizisikia.

Darasani walisikia mambo mengine. Lugha ya kufundishia ilikuwa Kitoro. Mtoto wa Mkonzo aliyetaka kusonga mbele alijifunza kuongea kama Mtoro, na wapo waliobadili hata majina. Hilo si jambo dogo kwa watu ambao jina humweka mtoto mahali pake katika safu ya wazazi wake: Baluku, Bwambale, Masereka, Kule, Thembo, kila moja likitaja mtoto huyo ni wa ngapi kuzaliwa kwa mama yake. Kuliacha jina hilo ni kutoka katika safu.

Kisha uchumi ukaongeza chumvi kwenye kidonda. Mwaka wa 1952 nyika kati ya ziwa Edward na ziwa George zikawa hifadhi ya taifa. Mwaka wa 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese, na shaba ya Kilembe ikaanza kusafirishwa. Mgodi ulikuwa tumboni mwa milima ya Wakonzo. Mapato ambayo serikali za mitaa zilistahili yaliingia katika hazina ya Toro. Kasese, uliokuwa uwanda wa joto wenye watu wachache, ukawa mji wa stesheni, na Wakonzo wakauona mji huo ukikua miguuni pao kama mgeni anayejenga bila kubisha hodi.

Mkalimani

Isaya Mukirania alikuwa mwalimu. Katika Uganda ya miaka ya 1950 hicho kilikuwa cheo cha pekee: mwalimu alisoma barua za wengine, aliandika mashitaka yao, na alijua maneno ambayo ofisi ya serikali ingeyasikia. Alikuwa mtu wa kati, mwenye mguu mmoja katika kijiji na mwingine katika dunia ya karatasi.

Mwaka wa 1954 alifika Mwingereza kijana, Tom Stacey, mwandishi wa habari aliyetaka kuijua milima na watu wake. Alihitaji mtu wa kumwongoza na kumtafsiria. Mtu huyo akawa Isaya. Walitembea pamoja kutoka mgongo hadi mgongo, wakavuka mito, wakalala katika vibanda vya wenyeji, na kila jioni Isaya alikaa kati ya mzee wa Kikonzo na mgeni, akiyapokea maneno ya mmoja na kuyakabidhi kwa mwingine.

Kazi ya mkalimani ina maadili yake magumu. Huruhusiwi kupunguza neno kwa sababu ni chungu, wala kuliongeza kwa sababu unalipenda. Lakini kazi hiyo ina hatari moja ambayo wengi wasioifanya hawaijui: ukiyabeba maneno ya watu kwa muda mrefu, huanza kuwa yako. Isaya alikuwa amezoea kuwafundisha watoto wa Wakonzo kwa lugha ya wengine. Sasa alikuwa akiwauliza wazee, kwa lugha yao, nani aliwahi kuishi wapi, mpaka ulikuwa mto gani, nani alikufa kwa mkono wa nani. Alisikia jambo lile lile katika migongo ambayo haikuwa na mkuu mmoja. Pengine ni katika safari hizo alipoanza kuwaona Wakonzo kama taifa, kabla wao wenyewe hawajajiita hivyo.

Kutokana na safari na masimulizi hayo kikatokea chama ambacho jina lake lilikuwa la upole kabisa: chama cha utafiti wa historia ya maisha ya Wakonzo, Isaya akiwa kiongozi. Wanachama walikusanya habari za koo, nyimbo, mila za tohara na kumbukumbu za wale watatu wa Kagando. Hakuna ofisa wa kikoloni ambaye angeshtushwa na watu wanaoandika historia. Lakini chama kilitoka kijiji hadi kijiji, kikapata matawi, na kabla ya miaka ya 1950 kumalizika Wakonzo walikuwa na kitu ambacho hawakuwahi kuwa nacho, yaani mtandao uliovuka mito.

Siku walipotoka barazani

Uhuru ulipokaribia, falme za Uganda zilianza kujadiliana na Uingereza juu ya nafasi zao katika nchi mpya. Toro chini ya Omukama George Rukidi wa Tatu ilitaka kulindwa na katiba. Isaya wakati huo alikuwa mjumbe wa Rukurato, baraza la Toro, pamoja na wenzake Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya na wajumbe wengine kutoka Wakonzo na Waamba.

Ombi lao, likitazamwa kwa macho ya leo, lilikuwa dogo. Walitaka katiba ya Toro itaje kwamba ufalme una makabila matatu, Watoro, Wakonzo na Waamba, na kwamba yote ni sawa. Hawakuomba kujitenga. Hawakuomba mfalme wao. Waliomba kutajwa.

Baraza lilikataa. Mapema mwaka wa 1962 wajumbe wa Wakonzo na Waamba walisimama na kutoka nje, na madai yakabadilika: sasa walitaka wilaya yao, nje ya Toro, chini ya serikali kuu. Isaya, Kawamara na Mupalya walikamatwa na kushitakiwa. Isaya aliachiwa kwa dhamana.

Hakurudi mahakamani. Alipanda mlimani.

Jambo hili linastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa maana ndilo linalowagawa watu wanapozungumza juu ya heshima yake. Mtu anayesifiwa kwa kushika neno alianza safari yake kuu kwa kuvunja ahadi mbele ya hakimu. Watetezi wake husema kwamba mahakama ile ilikuwa chombo cha utawala ule ule alioukana, kwa hiyo ahadi hiyo haikumfunga. Wapinzani wake huuliza ni nani basi anayeamua ahadi ipi inafunga. Linaloonekana wazi ni kwamba Isaya alikuwa amehamisha utii wake. Hadi siku ya Rukurato alikuwa, kisheria, mtu wa Omukama. Baada ya siku ile alikuwa mtu wa mlima, na hakuna tena neno lililotoka chini ambalo lingeweza kumdai kitu.

Heshima ya aina nyingine

Katika vibanda vya video vya miji ya Uganda, ambako mfasiri huketi na kipaza sauti na kusimulia filamu za kigeni juu ya sauti ya waigizaji, hadithi za samurai wa Japani zimependwa kwa miaka mingi. Watazamaji huvutiwa na upanga, lakini kinachowafanya wakae hadi mwisho ni uaminifu: shujaa ambaye bwana wake amekufa na ambaye bado anamtumikia. Japani yenyewe ina kisa cha kweli cha namna hiyo. Mwaka wa 1703 samurai waliokuwa wamempoteza bwana wao walimuua mtu waliyemlaumu kwa kifo chake, kisha wakajitoa uhai kwa amri ya serikali, wakijua tangu mwanzo kwamba ndivyo itakavyokuwa.

Ulinganisho na Isaya una kikomo, na kikomo hicho ndicho kinachofundisha. Heshima ya samurai ilipanda juu, kuelekea bwana. Alijua ni nani anayemtumikia, na alijua utumishi huo unaishia wapi. Mkonzo wa mgongo wa mlima hakuwa na bwana wa namna hiyo. Isaya alipoukana ufalme wa Toro hakuwa na mfalme mwingine wa kumkimbilia, na wafuasi wake walihitaji mahali pa kuuweka utii ambao hadi hapo uliishia mtoni. Mwanzoni alijitangaza kiongozi wa nchi kwa namna ya rais. Muda si mrefu akawa mfalme, Irema-Ngoma, mwenye ngoma. Aliyeikataa enzi ya mfalme mmoja akawa mfalme, kwa sababu hakukuwa na kiti kingine ambacho utii wa watu wengi ungeweza kukaa.

Na mfalme aliyetokana na kiapo cha kutoinama ana tatizo ambalo samurai hakuwa nalo. Samurai akishindwa, hufa peke yake au na wenzake. Mfalme akikataa kuinama, watu wote walio nyuma yake hubaki wamesimama pamoja naye, wapende wasipende.

Serikali ya karatasi

Kilichowashangaza walioifikia Rwenzururu katika miaka hiyo ni jinsi ilivyofanana na serikali. Isaya aliigawa milima katika kaunti na vitongoji. Aliteua mawaziri, machifu, mahakimu na makarani. Kulikuwa na bendera na wimbo wa taifa. Kodi ilikusanywa na stakabadhi zikatolewa. Shule zilifunguliwa, na humo watoto walifundishwa na watu wao. Barua zilitumwa kwa serikali ya Uganda na kwa ulimwengu wa nje kwa lugha ya kidiplomasia, kana kwamba mwandishi wake ameketi ikulu na si katika nyumba ya miti na nyasi mahali ambapo mvua hunyesha karibu kila siku.

Ni rahisi kucheka. Wapo waliocheka. Lakini kwa mtu aliyetoka mikononi mwa machifu wa kigeni, stakabadhi yenye jina lake lililoandikwa sawasawa haikuwa mchezo. Mwalimu alikuwa amefahamu kwamba utawala wa Toro juu ya mlima ulikuwa hasa utawala wa kalamu, wa nani anaandikwa na nani haandikwi. Aliujibu kwa kalamu.

Mikuki ilikuwapo pia. Machifu na wakulima wa Kitoro waliokuwa wakiishi kwenye miteremko walifukuzwa, nyumba zikachomwa, watu wakauawa. Wengi wao hawakuwa na lolote la kufanya na maamuzi ya Rukurato. Walikuwa watu waliolima mahali walipozaliwa. Watoro nao walijibu, na polisi na wanajeshi wakapanda. Mwezi Februari mwaka wa 1963 serikali ya Milton Obote ilitangaza hali ya hatari. Katika mwaka uliofuata mapigano yalikuwa makali, na Wakonzo waliobaki chini, ambao hawakuweza au hawakutaka kupanda, ndio walioangukiwa na kisasi cha kwanza. Mtu wa Kisinga au Bwera aliweza kuchomewa nyumba na upande mmoja kwa kulipa kodi mlimani, na kutishwa na upande wa pili kwa kutoilipa.

Rafiki anarudi

Serikali ilikuwa tayari imeunda tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Dakta Sembeguya, mbunge. Ripoti yake ilikiri kwamba Wakonzo na Waamba walibaguliwa kweli, katika elimu, ajira na heshima ya kawaida. Hata hivyo ilikataa wilaya tofauti. Kwa mtu wa mlimani ripoti hiyo ilikuwa kama daktari anayethibitisha ugonjwa na kukunyima dawa.

Ndipo likatajwa jina la Tom Stacey. Wakati huo alikuwa mwandishi mwenye sifa katika magazeti ya London. Mwaka wa 1963 alirudi kama mpatanishi kwa idhini ya serikali, akapanda kumtafuta mkalimani wake wa zamani.

Alimkuta mfalme. Yule kijana aliyekaa kati ya wazee na mgeni sasa alikuwa amezungukwa na walinzi na itifaki. Urafiki ulikuwapo, lakini ulikuwa umebadilika mizani: zamani Isaya alibeba maneno ya Stacey kuyapeleka kwa Wakonzo, na sasa Stacey ndiye aliyebeba maneno ya Isaya kuyapeleka chini. Ujumbe aliopewa haukuwa na nafasi ya kujadiliwa. Serikali ilitaka Isaya ashuke kwanza ndipo mazungumzo yaanze. Isaya alitaka kutambuliwa kwanza. Stacey aliondoka bila mapatano, na kisa hicho akakisimulia katika kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1965.

Wakati huo huo serikali kuu ilianza kuyaondoa maeneo yenye ghasia mikononi mwa Toro na kuyasimamia yenyewe kupitia maofisa wake. Hiyo ilikuwa karibu nusu ya kile kilichodaiwa mapema mwaka wa 1962. Kwa baadhi ya viongozi waliobaki chini, nusu hiyo ilitosha kuanzia. Waliamini kwamba wilaya itapatikana kwa subira, kwa kura na kwa barua. Kwa Isaya hakukuwa na nusu. Aliyekubali kushirikiana na serikali alihesabiwa kuwa ameuza mlima, hata kama alikuwa ametoka naye katika mlango ule ule wa Rukurato.

Hapa ndipo ugumu wa kumpima mtu huyu ulipo. Alikuwa sahihi juu ya dhuluma. Tume ya serikali yenyewe ilisema hivyo. Alikuwa sahihi pia kwamba ahadi za walio chini zilikuwa zimevunjwa mara nyingi, na kwamba wale watatu walionyongwa Kagando hawakupata mtu wa kuwatetea. Lakini inaonekana kwamba kwa kadiri miaka ilivyopita, heshima ya Wakonzo na kutoshuka kwa Isaya vilikuwa kitu kimoja akilini mwake, na si lazima viwe kitu kimoja. Mkulima wa Kyarumba alihitaji shule, zahanati, na chifu anayemsalimu kwa lugha yake. Huenda angevipata mapema zaidi kama mfalme wake angekuwa tayari kuonekana ameshindwa.

Mtoto na ngoma

Mwaka wa 1966 ulikuwa mwaka mbaya kwa wafalme wa Uganda. Mwezi Mei jeshi la Obote liliivamia ikulu ya Kabaka wa Buganda, na mwaka uliofuata falme zote zilifutwa, Toro ikiwamo. Omukama Rukidi, mpinzani mkuu wa Isaya, alikuwa amekwisha kufariki mwezi Desemba 1965. Kama Isaya angeishi mwaka mmoja zaidi, angeiona enzi aliyoikimbia ikiondolewa kisheria bila yeye kurusha mkuki hata mmoja.

Hakuiona. Alifariki mlimani tarehe 2 Septemba 1966 kutokana na maradhi, mbali na hospitali yoyote. Alizikwa huko huko, Bulemba.

Tarehe 19 Oktoba mwaka huo mwanawe, Charles Wesley Mumbere, alisimikwa kuwa mfalme. Alikuwa na umri wa miaka 13. Utoto wake ulikuwa umepita katika kambi za mlimani, akimwona baba yake akitia saini karatasi na kupokea wajumbe. Wasimamizi walitawala kwa niaba yake hadi alipokua. Kijana huyo hakuwahi kukaa Rukurato, hakutukanwa katika baraza, hakusikia ombi la kutajwa katika katiba likikataliwa. Alipewa neno la baba yake, na pamoja nalo vita ambavyo sababu yake ya kwanza ilikuwa inayeyuka.

Mwaka wa 1974 Idi Amin aliigawa Toro na kuunda wilaya za Rwenzori na Semliki, ambazo baadaye ziliitwa Kasese na Bundibugyo. Kwa amri moja Wakonzo na Waamba walipata kile ambacho Isaya, Kawamara na Mupalya walikidai walipotoka barazani miaka 12 kabla. Watu wa mlimani hawakushuka. Walibaki huko kwa miaka minane mingine.

Mumbere aliteremka mwezi Agosti 1982, baada ya makubaliano na serikali ya Obote iliyokuwa imerudi madarakani, na wafuasi wake wakakabidhi silaha mbele ya umati. Baadaye alikwenda Marekani, ambako kwa miaka mingi alifanya kazi ya kuwahudumia wazee na wagonjwa katika jimbo la Pennsylvania, bila majirani wengi kujua kwamba ni mfalme. Serikali ya Yoweri Museveni iliutambua rasmi ufalme wa Rwenzururu tarehe 19 Oktoba 2009, siku ile ile aliyosimikwa akiwa mtoto. Miaka saba baadaye, mwezi Novemba 2016, majeshi ya serikali yaliishambulia ikulu yake mjini Kasese na zaidi ya watu 100 wakauawa, wengi wao walinzi wa kifalme, vijana waliozaliwa muda mrefu baada ya Isaya kuzikwa. Mfalme alikamatwa, na kesi dhidi yake ilifutwa mwaka wa 2023, ndipo akaruhusiwa kurudi nyumbani.

Hospitali ya Kagando sasa inawatibu Wakonzo na Watoro pamoja, na watoto wa Bwera husoma miaka ya kwanza kwa Kikonzo. Kaburi la Isaya lipo pale pale, juu ya mashamba ya kahawa, na anayetaka kulifikia bado hupanda kwa miguu.